Kabla Hujambebea Charo Tawi Lile

Dama mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi umekula mihogo, umekunywa chai vikombe viwili, umenicheka kwamba sanduku lako nimelifunga kamba kama mbuzi anayekwenda kuuzwa, kisha ukavuka na feri kwenda Mnarani kumuaga hawe, bibi yako. Utarudi kabla ya magharibi. Nina muda huo tu, na kalamu hii inavuja, kwa hiyo usinicheke na mwandiko.

Sitakuandikia habari za kufua, wala za kula, wala za kuwaamkia watu. Hayo nimekupigia kelele miaka kumi na minane, na kama hayajaingia basi karatasi haitayaingiza. Nina jambo moja tu. Nimejaribu kulisema kwa mdomo tangu juzi, na kila nikifungua kinywa najikuta nakugombeza. Jana nimekugombeza kwa sababu ya kijiko kilichopotea. Kijiko chenyewe nilikuwa nimekishika mimi.

Sikiliza. Lile tawi ulilomkatia Mjomba Charo leo asubuhi, ukalifunga kwa makumbi ya nazi yaliyoloweshwa na kipande cha gunia, si la mmea wa zawadi. Hakuna mgeni yeyote wa hotelini aliyenipa mmea ule. Nilikudanganya. Ni tawi la Mheshimiwa, mmea uliomfanya Charo afukuzwe kazi miaka sita iliyopita, na aliyemuua Mheshimiwa ni mimi. Charo hajui. Akilitia machoni tu jani lile lenye doa jeupe atalitambua, maana hakukuwa na mwingine wa namna ile Kilifi nzima. Atakuuliza umelitoa wapi. Na wewe utakuwa umesimama mlangoni kwake Mombasa na sanduku lako, umekuja kukaa kwake na kufundishwa kazi naye, na hutakuwa na la kumjibu ila uongo wangu.

Basi keti. Usisome umesimama, nakujua.

Wakati ule nilikuwa nafagia na kupiga deki ukumbi wa mapokezi wa ile hoteli ya Bofa. Babako alikuwa ameshafariki, na wewe ulikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, miguu mirefu, unakula kuliko mtu mzima. Pale ukumbini, kando ya dirisha kubwa la kaskazini, palikuwa na mmea ndani ya mtungi wa udongo. Majani yake mapana kama ungo, yana matundu na mipasuko, na kila jani lina doa jeupe, kama vile mtu anayepaka chokaa amepita akalirushia. Sisi wafanyakazi tukamwita Mheshimiwa. Alikaa kivulini mchana kutwa, hakufanya kazi yoyote, na alihudumiwa kuliko sisi sote.

Aliyemhudumia ni Charo. Bustani yote ya nje ilikuwa yake, lakini Mheshimiwa ndiye aliyekuwa roho yake. Alimpangusa majani kwa kitambaa chenye maji, jani moja moja, kiganja kimoja kikiwa chini ya jani, namna unavyomshika mtoto mchanga kichwa ukimwogesha. Alimsimikia nguzo iliyovikwa makumbi ili ile mizizi yake inayoning'inia ipate mahali pa kushika. Kila Jumatatu aliuzungusha mtungi kidogo, mmea usije ukaelemea upande wa mwanga. Mimi nilikuwa nikimcheka. "Charo, mkeo unamzungusha hivyo?" Naye anatabasamu tu.

Sasa suala la maji. Unavijua visima vya Bofa. Maji yake yana munyu, sabuni haitoi povu, na ukipikia chai maziwa yanakatika. Mfereji nao ulikuwa unatoa maji siku unapotaka wenyewe. Kwa hiyo Charo alimwekea Mheshimiwa pipa la maji ya mvua nyuma ya chumba cha dobi, chini ya mchirizi wa bati. Pipa lilikuwa na kifuniko, kifuniko kina kufuli, na kufuli lina funguo mbili. Mmoja ulikaa mfukoni mwa Charo. Wa pili ulitundikwa msumarini nyuma ya mlango wa dobi, kwa siku ambazo Charo hayupo. Na dobi mwenyewe alikuwa Katana, mdogo wake Charo, baba mmoja mama mmoja. Mjomba Katana huyu huyu unayemjua.

Mwaka ule mvua za vuli zilitutupa. Mfereji ukakauka wiki nzima nzima, na chai ya wafanyakazi, ambayo mimi ndiye niliyekuwa nikiipika, ikawa ya maji ya kisima. Watu wanakunywa huku wamekunja uso. Mpishi mmoja akanitania mbele za watu kwamba chai yangu inafaa kusukutulia jino bovu. Walicheka wote. Mimi, Kadzo, nichekwe kwa chai!

Asubuhi iliyofuata nikaenda kwa dobi. Katana alikuwa uani anaanika mashuka. Nikanyoosha mkono nyuma ya mlango, nikautwaa ufunguo, nikafungua pipa na kujaza birika moja. Nikaona alama ya maji imeshuka kidogo ukingoni. Nikaogopa Charo asije akaijua. Nikachota maji ya kisima kiasi kile kile, nikayamimina ndani ya pipa, nikafunga, nikaurudisha ufunguo msumarini.

Weee, Dama! Chai ile! Nilitia iliki na tangawizi, maziwa yakatulia, rangi ikakaa. Yule mpishi akaomba tena. Charo mwenyewe alikunywa vikombe viwili, akaniambia, "Kadzo, una mkono wewe." Unanijua nikisifiwa. Nilivikwa kilemba cha ukoka nikakivaa kwa mikono miwili. Kesho yake nikaenda tena na birika langu. Na kesho kutwa yake.

Siku ya kwanza kosa langu lilikuwa birika moja tu. Nataka uliangalie hapo hapo, kabla halijakua. Ningemwambia Charo siku ile, angenigombeza, angelimwaga lile pipa, tungecheka, tungesubiri mvua. Mambo yangeishia hapo. Sikusema kwa sababu nilitaka kusifiwa tena kesho.

Ilikwenda hivyo karibu miezi mitatu. Na usidhani sikujua, maana kuna uongo mwingine nimekuwa nikijiambia mwenyewe, kwamba sikujua. Nilijua. Maji niliyokuwa nikiyarudisha yalikuwa ya munyu, na pipa likazidi kuwa la munyu siku hadi siku, mpaka chai yenyewe ikaanza kubadilika ladha. Nikazidisha tangawizi, nikazidisha sukari. Mtu anayeongeza tangawizi amekwisha kujua.

Mheshimiwa alianza kuungua pembeni. Kwanza yale madoa meupe, kwa sababu hapo ndipo penye udhaifu wa jani. Ile sehemu nyeupe haijitafutii chakula, inalishwa na kijani. Yakapiga rangi ya kahawia, yakakauka kama karatasi iliyopitishwa motoni. Kisha ncha za majani. Charo akachanganyikiwa. Akapunguza maji, akaongeza maji, akamsogeza mbali na dirisha, akamrudisha. Kila dawa yake ilikuwa inatoka kwenye pipa lile lile. Nilimwona siku moja amechuchumaa mbele ya mtungi, mikono kichwani, anaongea peke yake kwa Kigiriama: nimekukosea nini, nimekukosea nini? Na mimi nimesimama na ndoo yangu, hatua tano nyuma yake.

Unajua nilifanya nini? Nikachukua mkasi, nikazipunguza zile kingo zilizoungua ili zisionekane. Nikapaka majani mafuta ya nazi yang'ae. Yakang'aa kweli! Wageni wakapiga picha. Baada ya siku nne vumbi la ukumbi mzima likawa limenata juu yake, majani yamezibwa pumzi, yananing'inia. Charo akaja akapitisha kidole, akakinusa.

"Kadzo, ni wewe uliyepaka mafuta?"

"Nilitaka apendeze."

Akaguna. "Jani linapumua, dada yangu. Maji na kitambaa, basi. Usirudie." Akakaa siku nzima akiyaosha, jani kwa jani, wala hakumwambia mtu.

Wenye hoteli walikuwa wanakuja kutoka ng'ambo Ijumaa. Jumatano meneja akashuka ukumbini na kumwangalia Mheshimiwa. Yalikuwa yamebaki majani manne. Akaligusa moja likamkatikia mkononi. Akataka waitwe wote. Tukasimama mstari: Charo, Katana na kikapu chake cha mashuka, mimi na kitambaa changu, na wengine. Meneja akasugua kidole kwenye jani, akakiona kina mafuta.

"Nani alipaka mafuta huu mmea?"

Nikasema moyoni, leo nimekwisha, mtoto wangu atakula nini? Na kabla sijajua niseme nini, Charo akatoka mbele hatua moja.

"Mimi, bwana. Mmea ni wangu. Lolote lililompata niulizwe mimi."

Alinitazama mara moja tu, Dama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama namna ya kuniambia, nyamaza, una mtoto. Alikuwa akiniokoa na lile kosa dogo alilolijua. Na mimi nikanyamaza juu ya dogo na juu ya kubwa. Nikapiga magoti nikaendelea kupangusa vigae ambavyo vilikuwa safi. Meneja akamwambia achukue vitu vyake siku hiyo hiyo.

Kabla ya kuondoka, Charo akatia kidole kwenye udongo wa mtungi, akakiweka ulimini. Akatema. Akatoka moja kwa moja mpaka nyuma ya chumba cha dobi, akafungua pipa, akaonja maji. Sisi tukamfuata. Alipogeuka, macho yake yalikuwa kwa mdogo wake.

"Funguo ni mbili, Katana."

"Kaka, naapa..."

"Ulitaka maji matamu ya kutilia wanga mashati ya meneja. Ukajaza ya kisima nisijue."

"Naapa kwa mama, sijafungua pipa lako hata siku moja!"

"Usimtaje mama."

Wakati wote ule nilikuwa hapo. Ningeweza kusema maneno matatu tu na ndugu wale wangerudi nyumbani pamoja. Nilijikausha kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Na jioni ile, kwa sababu hakuna mwingine aliyethubutu kuonekana naye, nikambebea Charo begi lake mpaka kwenye feri. Sijui hata kwa nini. Labda nilidhani njiani nitasema. Sikusema. Akanishika mkono akaniambia, "Wewe peke yako umenisindikiza. Sitasahau." Na hajasahau. Ndiyo maana alipopata riziki yake Mombasa, kule anakootesha miche na kukodisha mimea ya ndani kwa maofisi, na akataka msichana wa kumfundisha kazi, mtu aliyemkumbuka ni mimi. Barua yake unayo wewe. "Mlete Dama, mtoto wako ni mtoto wangu." Uliruka mpaka ukagonga kichwa kwenye mwimo wa mlango. Mimi nikatoka nje nikajifanya naita kuku.

Kuna jingine, na hili nalisema haraka kwa sababu nalionea haya kuliko yote. Baada ya Charo kuondoka, kazi ya mimea ya ukumbini nilipewa mimi. Mshahara ukapanda. Sare zako za sekondari zimetoka hapo.

Mheshimiwa alitupwa kwenye shimo la taka nyuma ya jiko. Nilikwenda pale nikijidai namwaga maganda. Shina zima lilikuwa limeoza isipokuwa kipande kimoja cha juu, urefu wa mkono wangu, chenye kifundo kimoja na mzizi mmoja uliojinyonga kama uzi. Nikakifunga ndani ya leso. Hapa nyumbani nikakipanda kwenye ile sufuria iliyotoboka, na wewe uliporudi shuleni ukauliza ni nini, nikasema ni zawadi ya mgeni. Ukapiga makofi.

Mwanzo nilikaribia kukiua tena. Nilikuwa nakimwagilia kila nikimkumbuka Charo, na nilimkumbuka mara nne kwa siku. Udongo ukanuka. Ikabidi niukung'ute wote, nikate mizizi iliyolainika, nianze upya na mchanga na makumbi yaliyokatwakatwa. Hapo ndipo nilipojifunza kutia kidole mpaka kifundo cha pili kabla ya kugusa kopo. Nilijifunza pia kwamba jua la mlangoni linababua yale madoa meupe kwa asubuhi moja tu. Nikapata pipa langu mwenyewe, chini ya bati letu, na umekuwa ukishangaa kwa nini nakugombeza ukilichota kwa kufulia. Jani la kwanza jipya lilikaa limejikunja wiki tatu. Nilikuwa naamka nalitazama kabla sijanawa uso. Lilipofunguka likawa na doa lake jeupe vile vile, nikaketi chini nikalia, nawe ukaniletea maji ukidhani naumwa tumbo.

Kila nilichokufundisha kuhusu mmea ule ni kitu nilichomwona Charo akifanya. Kiganja chini ya jani. Kuzungusha Jumatatu. Watu wanasema umerithi mkono wangu, lakini mkono ule si wangu.

Na ndugu wale hawajasemezana mpaka leo. Unakumbuka matanga ya mama yao? Ulikuwa na miaka kumi na minne. Charo alikuja kutoka Mombasa, akasimama upande ule wa kaburi, Katana upande huu. Charo akatupa udongo wake akaondoka kabla ya chakula. Uliniuliza kwa sauti, "Mama, kwa nini Mjomba Charo hampi mkono Mjomba Katana?" Nikakwambia nyamaza ule wali.

Sasa leo. Asubuhi umekuja kutoka sebuleni na tawi mkononi, umelikata chini ya kifundo sawasawa, mzizi wake upo. "Mama, tazama! Mjomba Charo hana wa namna hii, naapa." Nikakwambia kwa nini usimpelekee korosho. Ukacheka, ukasema korosho Mombasa zipo, huu haupo. Ulipoondoka nikabaki na tawi lako mezani.

Nitakwambia yote, kwa kuwa nimekwisha kuanza. Nilichukua kopo la maji. Nikatia chumvi ngumi nzima, nikakoroga. Nikasimama juu ya tawi lako na kopo mkononi. Nilikuwa nimekwisha kupanga: lingenyauka njiani, ungelitupa kabla ya kufika, Charo asingeona kitu, na mimi ningeendelea. Miaka sita, Dama, na mkono wangu ulikwenda pale pale bila kuuliza njia.

Kisha nikaona kile kikaratasi ulichofunga kwa uzi. "Kwa Mjomba Charo, kutoka kwetu sisi wawili." Sisi wawili. Umeniandika na mimi, bila kujua umeandika nini. Nikatoka na kopo nikalimwaga uani, mbali, kule ambako hakuoti kitu.

Nikavaa leso nikaenda kwa Katana. Leo ni siku yake ya mapumziko, nikamkuta anapiga pasi ya mkaa barazani. Sikuketi. Nilimweleza nikiwa nimesimama, maneno yote, birika, ufunguo, kisima, mafuta. Pasi ilikuwa inakwenda na kurudi, kisha ikasimama. Akainyanyua akaiweka kando ili isiunguze shati. Hata wakati ule hakuunguza shati la mtu.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Ufunguo uliutoa wapi?"

"Msumarini, nyuma ya mlango wako."

Akalikunja lile shati. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini sana, "Mama alipokuwa anaumwa aliniuliza kama kweli sikuyaharibu maji ya kaka. Nikamwambia sikuyaharibu. Akasema sawa, mwanangu. Lakini aliniuliza mara mbili, Kadzo. Mara ya pili ilikuwa siku aliyokufa."

Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Nikamwambia naomba msamaha, naye akasema hilo la msamaha tuliache kwanza. Nilipogeuka kuondoka akauliza, "Basi la kesho ni saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi."

"Nitakuja kituoni. Kama nitapanda, sijui."

Basi ndivyo mambo yalivyo, na tazama, nasikia watu wa feri ya jioni wameanza kupita barabarani. Utakuwa njiani. Naandika haraka.

Sijui Charo atafanya nini. Siwezi kukuahidi kitu. Huenda akakupokea. Huenda akaufunga mlango, ukarudi na sanduku lako na kamba zangu, na nafasi uliyoisubiri mwaka mzima ikaenda zake kwa sababu ya chai ya mamako. Ukifikiri hivyo ukanichukia, sitakuambia usinichukie. Hasira yako ni haki yako, na usiimeze kwa ajili yangu. Mimi nimemeza maneno miaka sita na unaona yalikonifikisha. Na ukisoma ukaona ni afadhali usiende kabisa, niambie usiku huu. Nitalifungua sanduku mwenyewe na hutasikia lawama.

Ila kama utakwenda, sipendi uende na uongo wangu ndani ya gunia. Siku ya kwanza atakufundisha, najua, kuonja udongo. Utakuwa umekaa mbele yake, naye anakuonyesha kidole na ulimi. Sitaki siku ile ujue kitu asichokijua, wala yeye ajue kitu usichokijua.

Tawi lako nimelinyunyizia maji ya mvua. Nimelilaza kivulini, chini ya meza, jani limetazama juu. Usilifunge kwa gazeti kulificha. Libebe kifuani, lionekane lote, doa na yote.

Na sanduku dogo la pili unaloliona mlangoni si lako. Ni langu. Nimeomba ruhusa ya siku mbili kazini, na tiketi nimekata. Tutavuka pamoja asubuhi. Tukifika kwa Charo, wewe tangulia, bisha hodi, mwamkie shikamoo, mpe tawi lake. Atalitazama. Atakuuliza, "Dama, huu umeutoa wapi?"

Wewe nyamaza, mwanangu. Nitajibu mimi.

Mamako,
Kadzo